Itifaki ya Strong: ukoo wa neno utauona, umbo lake hapana

Kitabu hiki nimekinunua cha mtumba pale Mwanga, Kigoma, elfu arobaini baada ya kuvutana na muuzaji. Jalada limelegea na herufi ni ndogo mno, jioni usikifungue bila miwani. Ni ile itifaki ya James Strong iliyotoka 1890, yaani orodha ya maneno ya Biblia na mistari yanamopatikana, ambamo kila neno la Kiyunani la Agano Jipya lina namba yake.

Nilikitafuta kwa sababu ya mabishano yetu yasiyokwisha baada ya ibada: kuzamishwa au kunyunyiziwa? (Ziwa zima la Tanganyika liko hapo chini, na bado tunabishana.) Kwa hilo hela yangu imerudi. Baptizo, yaani kubatiza, ni 907, na nduguze wamekaa naye jirani: baptisma (ubatizo) 908, baptismos 909, baptistes 910, lile jina la Yohana, halafu bapto 911, mzazi wao. Bapto ni kuchovya kwa kawaida tu, kama Lazaro anayeombwa achovye ncha ya kidole, Luka 16:24, au vazi lililochovywa katika damu, Ufunuo 19:13. Embapto, kuchovya ndani, la Mathayo 26:23, liko mbali huko 1686 kwa kuwa mpangilio unafuata alfabeti. Marko 7:4, baptismos ni kuosha vikombe na vyombo vya shaba. Nilipomsomea mzee wetu mmoja wa kanisa alinyamaza, kisha akataka aone mwenyewe.

Sasa kasoro. Kitabu kinafuata Biblia ya Kiingereza ya King James, kwa hiyo ukitafuta penye kubatiza, Luka 11:38 huioni. Hapo wameandika kuosha. Fungua penye kuosha, ndipo 907 inatokea. Asiyejua hilo ataleta hesabu pungufu na kujiona mshindi.

Kubwa zaidi, umbo la kitenzi hupewi. Kiyunani cha Luka 11:38 ni ebaptisthe, kauli ya kutendwa. Mathayo 28:19 ni baptizontes, "mkiwabatiza". Strong anaandika 907 kotekote. Ni sawa na kuambiwa "pig-" na kuachwa ukisie kama ni kupiga, kupigwa au kupigana.

Ukikosa namba 3203 hadi 3302 usimgombeze muuzaji, Strong mwenyewe aliziruka.

Mhubiri anayesoma Kiingereza na aliyechoka kununua bando, achukue. Anayetaka nyakati na kauli atafute kitabu cha sarufi. Kabla hujalipa kagua kurasa za mwisho, maana kamusi ya Kiyunani iko huko, na vitabu vya mtumba huanza kung'oka nyuma.