Shakespeare and Company, Paris: duka la vitabu kwa sisi tunaojichapishia wenyewe

Hii naiandika kwa wenzangu tunaojichapishia vitabu wenyewe, wale wa kuuza kwa WhatsApp na kupokea hela kwa M-Pesa, afu ukipata akiba kidogo unatamani kusafiri ili uandike vizuri zaidi. Kama safari yako itapita Paris basi hili duka usilikose. Nalipatia nyota nne na nusu kati ya tano, ile nusu nitasema chini imeenda wapi.

Lipo 37 rue de la Bûcherie, ukisimama mlangoni unaliona kanisa la Notre-Dame ng'ambo ya maji ya Seine. Ukitoka uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle unapanda treni ya RER B, hamna kubadilisha, unashukia Saint-Michel Notre-Dame unatembea dakika chache tu umefika. Chini ni duka, vitabu vya Kiingereza rafu mpaka darini, vijia vyembamba mnapishana kwa ubavu. Juu sasa ndio kwenyewe. Kuna maktaba ambayo vitabu vyake haviuzwi, unachukua unakaa unasoma bure wala hakuna anayekuuliza utanunua nini, kuna piano, na kuna viti virefu vya mbao vya kukalia mchana ambavyo usiku vinageuka vitanda. Ndio, vitanda, watu wanalala humo.

Aliyelianzisha ni Mmarekani George Whitman, alifungua mwaka 1951 likiitwa Le Mistral, jina la sasa akalipatia 1964. Huyu mzee kabla ya hapo alikuwa mtembezi hasa, miaka ya 1930 alizunguka Mexico na Amerika ya Kati hana kitu mfukoni, na waliompokea ni watu wa kawaida tu wenye kidogo chao, alipougua njiani wakamuuguza mpaka akapona. Alipokuja kupata pake akasema na yeye atapokea wageni, na akafanya hivyo mpaka alipofariki mwaka 2011 akiwa na miaka 98, sasa hivi anaendesha binti yake Sylvia. Juu kwenye mlango wa maktaba kuna maneno yanayofanana na ile Waebrania 13:2, kwamba mkaribishe mgeni maana huenda ni malaika.

Utaratibu wa kulala uko hivi: wewe mwandishi msafiri unapewa pa kulala bure, ila unasaidia kazi za dukani masaa machache kwa siku, unasoma kitabu kimoja kila siku, na unaandika maisha yako kwenye ukurasa mmoja unawaachia. Wanaitwa Tumbleweeds, na tangu 1951 wameshapita zaidi ya 30,000. Mimi nililala kwingine, nilikuwa naenda asubuhi tu na daftari langu, lakini hilo sharti la kitabu kwa siku nililichukua nikaenda nalo nyumbani kwangu. Jamani sisi wa kujichapishia tunaandika sana kuliko tunavyosoma, na hatuna mhariri wa kututingisha, sasa mtu akikwambia kitanda ni bure ila soma, anakupa dawa yenyewe. Kwangu mimi hilo ndilo la maana kuliko hata kitanda.

Kuna kingine ambacho wengi wanaopiga selfi pale mlangoni wanakipita. Hili jina lilikuwa la duka lingine, la Sylvia Beach, Mmarekani pia, alifungua 1919 hapohapo Paris likafungwa 1941 wakati Wajerumani wameikalia nchi. Mwaka 1922 huyu mama, mwenye duka tu, hana kampuni ya uchapishaji, ndiye aliyechapisha Ulysses, riwaya kubwa ya James Joyce, mwandishi wa Ireland, baada ya Marekani kuifanyia kesi kwamba ni uchafu. Alifanyaje? Alikusanya watu wajiandikishe kununua kabla kitabu hakijatoka, akatafuta mpiga chapa mjini Dijon, zikatoka nakala 1,000. Yaani ndio hii hii tunayofanya leo kwenye magrupu, lipia mapema kitabu kinakuja! Nilipokaa na hiyo habari nikajiona sipo peke yangu kwenye hii kazi, na nitaendelea nayo.

Na huyo Joyce riwaya yake yote ni Dublin, mtaa kwa mtaa, lakini aliiandikia Trieste na Zurich na Paris. James Baldwin, mwandishi Mmarekani mweusi, aliingia Paris mwaka 1948 na dola 40 mkononi, riwaya yake ya kwanza ya Harlem, mtaa wa kwao New York, akaja kuimalizia kijijini kwenye milima ya Uswisi. Abdulrazak Gurnah tunamjua, Zanzibar yake kaiandikia Uingereza. Kwahiyo ndugu yangu unayedhani ukienda Ulaya lazima urudi na hadithi ya Ulaya, hapana, mimi pale juu nikiwa naangalia mto nimeandika sura nzima ya Tanga, stendi, wauza machungwa, na sauti ya bibi yangu, vitu ambavyo nikiwa Tanga kwenyewe nilikuwa navipita kila siku sivisikii. Ila wa kuandika ugenini kwenyewe pia tunao wetu, Salim bin Abakari alifika Urusi mpaka Siberia mwaka 1896 na safari yake akaisimulia kwa Kiswahili, mwandishi wa safari wa lugha yetu zaidi ya miaka mia iliyopita, na wengi wetu hata shuleni hatukutajiwa.

Sasa ile nusu nyota. Watu ni wengi mno, hasa tangu Notre-Dame ifunguliwe tena Desemba 2024 baada ya ule moto wa 2019, mchana kuna foleni ya kuingia, na ukiwa umeenda kuandika huwezi kutulia, kwahiyo nenda mapema siku ya kazi, sio wikendi. Ndani picha hawataki, mimi naona ni sawa kabisa. Pembeni kuna mgahawa wao uliofunguliwa 2015, kahawa nzuri ila ni bei za Paris, jipange. Ukitaka vitabu vya bei ndogo tembea kando ya mto kuna wauzaji wenye maboksi ya kijani, ingawa vingi ni vya Kifaransa.

Kwa anayetoka Tanzania au Kenya hesabu inaanzia kwenye viza. Ile ya Schengen, yaani ya kuingia nchi nyingi za Ulaya pamoja na Ufaransa, ni euro 90 tangu Juni 2024 na ukikataliwa hairudi, bima ya safari lazima iwe ya kufikia angalau euro 30,000, na unaruhusiwa kuomba mpaka miezi 6 kabla ya safari, kwahiyo anza mapema maana miadi ndiyo inayochelewesha.