Kliniki ya afya ya akili, miezi 17 ndani: mlango wa kuingilia nyota tano, wa kutokea nyota moja

Hii rivyuu nilijiapiza nitaiandika siku namaliza dawa, kumbe dawa ndo zilitaka kunimaliza mimi kwanza, basi naandika hivohivo nikiwa bado njiani. Jina la kliniki sitaji, mle ndani kuna watu walinishika mkono nikiwa sijiwezi na sitaki waanze kusumbuliwa kwa kosa ambalo nimekuja kugundua lipo sehemu nyingi tu. We soma, utajua cha kuuliza huko unakoenda.

Nilienda nikiwa kwenye ile hali umekaa pembeni ya kitanda, kiatu kimoja umevaa, kingine umekishika mkononi, na dakika 40 zimepita. Hulii, huna huzuni ya kumwelezea mtu akaelewa, ni kiatu tu kimekuwa kizito. Mapokezi dada akanipa fomu na peni iliyofungwa kamba kwenye meza. PHQ-9 wanaiita, fomu ya kupima sonona (depression), maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, usingizi, hamu ya kula, kuchoka, kujiona umefeli maisha na kadhalika, kila swali unajipa kuanzia 0 mpaka 3, kwahiyo juu kabisa ni 27. Mi nikapata 18. Kuanzia 10 wanakuchukulia siriasi, 20 kwenda juu ndo sonona kali. Kituko ni kwamba fomu yenyewe ilitengenezwa kwa hela za Pfizer, walewale waliokuwa wanauza dawa ya sonona, sertralini, kwa jina la Zoloft, yaani muuza miavuli kakugawia na kipimo cha mvua. Ila tuwe wakweli, fomu ni nzuri, toka 2001 imepimwa na kupimwa tena na haikuzungushi.

Swali la tisa ndo lilinionyesha hawa watu wako makini. Linauliza kama umewahi kuwaza bora ungekuwa umekufa, au kujidhuru. Nikaweka 1, nikataka kufuta nikaweka 0, peni haifuti, nikaacha. Yule dada alipojumlisha akaona ile 1, faili langu hakulitupia kwenye rundo, alinyanyuka nalo mwenyewe akaingia nalo ndani. Hazikupita dakika kumi nesi akaniita pembeni, akafunga mlango, akakaa, akaniuliza kavu kabisa, "unafikiria kujiua?" Nilishtuka, halafu nikajisikia nimetua mzigo, sijui nieleze vipi. Watu wengi wanaogopa kwamba ukimuuliza mtu hivyo unampandikizia wazo, tafiti zimeliangalia hilo mara nyingi na hazijaona likitokea, nami ninavyojijua wazo lilikuwepo tayari, lilikuwa linasubiri mtu wa kuliuliza jina.

Tukaandika karatasi moja pamoja. Dalili gani zinanijia kabla mambo hayajaharibika, nikiwa peke yangu nifanye nini kwanza, nikishindwa nimpigie nani, huyo asipopokea nani anafuata, na vitu gani pale nyumbani vihamishwe visiwe karibu yangu. Siku mbili baadae akanipigia simu kuuliza nimelalaje. Kumbe hii sio huruma yake tu, ni kitu kilichofanyiwa utafiti, Marekani mwaka 2018 walilinganisha watu waliopita vitengo vya dharura vya hospitali za wanajeshi wastaafu, waliopewa mpango wa hivyo pamoja na simu za kuwafuatilia walikuwa na matukio ya kujaribu kujiua au kujiandaa kujiua pungufu kwa asilimia 45 ndani ya miezi sita. Karatasi na simu. Sehemu nyingine wana jengo la vioo na hawana hivyo viwili.

Daktari wa akili alinipa dakika 25, hakuwa anatazama saa, nampa nyota nne. Nyota moja nimeikata kwa kuniambia "kemikali ya serotonini imepungua kichwani kwako, tunaijazia". Hiyo hadithi ilishachoka. 2022 mtafiti Joanna Moncrieff na wenzake walikusanya tafiti zote kubwa za serotonini na sonona, hawakukuta ushahidi unaoeleweka kwamba upungufu ndo unaleta ugonjwa. Sasa kuna watu waliposikia hivyo wakatupa dawa, nao wamekosea, maana 2018 mtafiti Andrea Cipriani na timu yake walijumlisha majaribio 522 yenye watu zaidi ya laki moja na elfu 16, dawa zote 21 walizoangalia zilishinda kidonge cha uongo kisicho na dawa ndani, japo kwa wastani sio kwa mbali sana. Mwavuli kukukinga haina maana mvua ilinyesha kwa kuwa hukuwa na mwavuli. Angeniambia tu "inasaidia watu wengi kiasi, kwa nini hasa bado tunabishana", ningemeza vilevile, na baadae ingenisaidia kutokujiona mtu mwenye ubongo mbovu wa kuzaliwa.

Nikaanzishwa sertralini miligramu 50, baada ya wiki kadhaa 100. Wiki mbili za mwanzo kichefuchefu na wasiwasi ukapanda badala ya kushuka, hilo walinionya. Mambo ya chumbani yakazima kama umeme, hilo hakuna aliyenionya, na ni moja ya vitu vinavyojulikana kabisa kwa hizi dawa, nadhani wanaona aibu kutaja. Tajeni jamani, mtu anaachwa na mwenzake huku anadhani ni yeye.

Kaunsela sasa. Nilitegemea mzee mwenye vitabu ukutani, nikakuta kijana ana mwaka mmoja kazini, nikasema hapa nimepigwa. Hakunichimba utoto wangu hata kidogo. Alinipa jedwali la masaa ya siku, kila saa naandika nimefanya nini na hali yangu ni ngapi kati ya 10. Wiki ya kwanza tukakuta kila siku kuanzia saa tisa mchana naporomoka, na kila siku saa tisa nipo kitandani na simu. Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kuvaa viatu vyote viwili kabla ya saa mbili asubuhi, basi, nikishavaa naweza kukaa tu. Nilimuona kama ananichezea. Wiki ya tatu nilikuwa naenda kutembea kwa sababu nimeshavaa viatu tayari, nikae nacho cha nini. Wazo lake ni kwamba usisubiri hamu ije ndo ufanye, fanya kidogo kwanza, hamu itakuja ikifuata nyuma. Na kuhusu ujana wake ilibidi nimeze maneno yangu, 2016 Uingereza walifanya jaribio la watu 440, nusu wakatibiwa kwa njia hii na wahudumu wachanga wasio wanasaikolojia, nusu wakapata tiba ya kubadili fikra kutoka kwa wataalamu kamili, matokeo hayakuzidiana na ya wachanga ilikuwa nafuu kwa gharama. Nyota tano, na kama anasoma hapa, kaka, viatu bado navaa.

Wana app pia. Niliifungua siku nne. Sijioni mvivu, uchunguzi wa 2019 wa app 93 za afya ya akili uliona kwamba kwa app ya kawaida, siku ya 30 wanaoendelea kuifungua ni kama asilimia 3 tu ya walioipakua. Twende mbele.

Mwezi wa sita wa matibabu fomu yangu ilikuwa 4. Mwezi wa kumi na moja 3. Nikamuuliza daktari, huyu alikuwa mwingine yule wa mwanzo alishahama, sasa hizi dawa naachaje? Akaandika kwa nusu dakika: 50 wiki mbili, 25 wiki mbili, acha. Hakuna karatasi, hakuna nesi, hakuna simu ya siku ya pili. Mtu waliyemfungia mlango na kumkalisha akiingia, akitoka anapewa mgongo.

Kushuka kwenda 50 hata sikusikia kitu, nikajisifu. 25 nikawa naota ndoto za ajabu, zina rangi kuliko maisha. Nilipoacha kabisa, siku ya tatu nikigeuza macho pembeni kichwa kinapigwa shoti, zzt, kama unagusa waya, halafu kizunguzungu, halafu nikamlilia fundi aliyekuja kurekebisha mlango. Kulia kweli. Yule mbaba akabaki kashika bisibisi hajui aondoke au anishike bega.

Nikarudi kliniki. Daktari akasema ugonjwa umerudi, hivyo nirudi 100, labda na ya maisha. Hapo ndo ninapowakata nyota mpaka inabaki moja, maana hakuniuliza hata swali moja la kutofautisha. Sonona ikirudi huwa inajikusanya taratibu, wiki hata miezi, na inakuja na kiatu chake kizito. Hii ilikuja ndani ya siku tatu, na shoti za kichwani ambazo sikuwahi kuwa nazo nikiwa mgonjwa. Nilimeza 25 nikiwa nabishana nao na siku ya pili shoti zikakata. Ugonjwa uliorudi hauondoki kwa siku mbili.

Hesabu yenyewe sio siri. Uchambuzi wa 2024 uliokusanya tafiti 79 uliona kama asilimia 31 ya wanaoacha dawa hizi wanapata dalili za kuacha, lakini hata walioacha kidonge cha uongo asilimia 17 walizipata, kwahiyo zinazotokana na dawa kweli ni kama mtu mmoja kati ya sita au saba, na za kutesa sana kama mmoja kati ya 35. Sio kila mtu, usiogope kuanza dawa kwa sababu ya rivyuu yangu. Lakini huyo mmoja yupo, na kwenye ile foleni ya watu wengi vile lazima kila wiki anapita mmoja.

Na kwa nini mimi nilikuwa sawa kwenye 50 nikaanguka mwishoni, nilielezwa na mfamasia wa sehemu nyingine kabisa, kasimama dirishani na watu wawili nyuma yangu. Akanichorea nyuma ya risiti mstari unaopanda haraka halafu unalala. Dozi ya chini ya matibabu, hiyo 50, tayari inashika takriban asilimia 80 ya milango ya serotonini inayolengwa na dawa. Ukitoka 100 kwenda 50 umeshuka kidogo sana kwenye ule mstari. Ukitoka 25 kwenda sifuri umejirusha kutoka ghorofani. Kwahiyo hatua zinatakiwa ziwe ndogo kadri unavyokaribia chini, sio nusu nusu kisha kwaheri. Watafiti Mark Horowitz na David Taylor waliandika hilo 2019 kwenye jarida la Lancet Psychiatry, kile chama cha madaktari wa akili cha Uingereza kikatoa maelekezo kwa wagonjwa ya namna hiyohiyo, vidonge vikiisha kugawika unahamia dawa ya maji.

Kingine ambacho kliniki ingeniambia kabla, 2021 kulikuwa na jaribio Uingereza la watu 478 waliokuwa kwenye dawa muda mrefu na wanajisikia vizuri kiasi cha kufikiria kuacha. Baada ya mwaka, walioacha asilimia 56 sonona iliwarudia, walioendelea asilimia 39. Ukiiangalia kwa jicho moja utasema usiache kamwe, kwa jingine utaona karibu nusu ya walioacha sonona haikuwarudia, na walioendelea kumeza nao hawakupona wote. Hiyo ni namba ya kukaa na mtu mkaijadili, ana kazi gani, ana nani nyumbani, mwezi huu ni mbaya au mzuri. Dakika kumi zingetosha. Mi niliamua kuacha na bado naacha, mwingine akiona namba zilezile aamue kubaki na awe sahihi kabisa, ila asiache mwenyewe kimyakimya kama nilivyotaka kufanya hasira zilipopanda.

Kwa hiyo ukiulizia kliniki, waulize siku ya kwanza kabisa, kabla hujameza kidonge: nikipona mnanitoaje, na mna ya maji? Nilipouliza la pili pale mapokezi yule dada mzuri alinitazama kama nimeagiza soda.

Ningerudi pale nikiumwa tena? Ndiyo, bila kuwaza mara mbili. Ningewaachia wanitoe? Hapana.

Sasahivi nipo miligramu 12, kwa daktari mwingine, navuta dawa kwa sirinji isiyo na sindano nachanganya na maji nakunywa hapohapo. Mkono ulikuwa unanitetemeka mwanzoni nikihesabu vile vimistari. Nitashuka tena baada ya wiki tatu fomu ikibaki chini ya 5, najijazia mwenyewe Jumapili jioni, na peni yangu haina kamba.