Biti za kobalti kwenye karakana ya nyumbani: uzoefu wangu wa kuzitumia na kuzinoa

Rangi ya dhahabu kwenye biti ya drili isikudanganye. Hiyo ni nitridi ya titani, tabaka jembamba la mikromita chache lililopakwa juu. Inasaidia biti ikiwa mpya, lakini ukishainoa, sehemu ya nchani uliyoisaga inabaki chuma kitupu. Chuma chenyewe kikiwa hafifu, basi. Kwa hiyo nilichukua seti isiyo na pambo lolote, ya M35, yaani chuma cha HSS (chuma cha zana kinachobaki kigumu hata kikipata moto) chenye kobalti takriban asilimia 5. Kobalti imo ndani ya chuma chote, na biti hata ifupike kwa kunolewa, ubora wake ni uleule.

Kwenye chuma laini sikuona tofauti kubwa na HSS ya kawaida. Nilipotoboa chuma cha pua ndipo nilipoziamini. Chuma hicho huzidi kuwa kigumu pale biti inaposugua bila kukata, kwa hiyo nazungusha polepole, nakandamiza bila kulegeza, na mafuta hayakosekani. Biti inayokata vizuri hutoa vipande viwili virefu vilivyojisokota, kimoja kila upande. Ikianza kutoa unga na kupiga kelele, nasimama hapohapo nikainoe.

Kunoa ndiko kunakoonyesha thamani ya pesa yako. Nilinunua pia kifaa cha kushikia biti mbele ya jiwe la kunolea, na huyo mtengenezaji simsifu hata kidogo: kishikio kinacheza, kali moja linatoka refu kuliko jingine, na tundu linakuwa pana kuliko biti. Sasa nanoa kwa mkono na kupima kwa kipimo cha pembe. Makali mawili lazima yalingane kwa urefu na kwa pembe, na pembe ya ncha nzima, kali hadi kali, ni digrii 135 kwa seti hii (biti nyingi za kawaida ni 118). Nyuma ya kali, chuma kishuke kwa digrii 8 hadi 12. Mteremko huo ukikosekana, biti itasugua tu, hata kama kwa macho inaonekana kali kama wembe. Tena kiini cha biti hunenepa kadiri unavyoelekea shinani, kwa hiyo ikishafupika sana nakipunguza kidogo pale nchani kwa kona ya jiwe, la sivyo itahitaji nguvu nyingi kuzama.

Jiwe ninalotumia ni la oksidi ya alumini. Lile la kijani, la kabaidi ya silikoni, liache kwa zana za kabaidi. HSS huvumilia joto la karibu nyuzi 600 za Selsiasi, kwa hiyo ikibadilika rangi ya bluu haijaharibika kama chuma cha kaboni. Ila kuichovya ghafla kwenye maji ikiwa ya moto sana huweza kutia nyufa ndogo kwenye kali. Mimi nagusisha kidogo, naachia ipoe. Miwani siivui, na glavu sivai karibu na jiwe linalozunguka.

Kasoro kubwa ya biti za kobalti ni wepesi wa kuvunjika. Kwa drili ya mkononi, ukiyumba kidogo biti nyembamba inakatika, na zilizo chini ya milimita 3 hata sihangaiki kuzinoa. Kama huna drili ya kusimama wala jiliwa imara, chukua HSS ya kawaida kwa saizi ndogo, na kobalti ununue zile nene tu.