TAHADHARI: anayeuza boksi la Electric Ladyland la miaka 50 ni TAPELI

Wadau wa santuri mlioko Uingereza, kuna jamaa anajitangaza kwa Kiswahili kwamba ana lile boksi la mpiga gitaa Jimi Hendrix, albamu yake Electric Ladyland ya 1968, toleo la kuadhimisha miaka 50 lililotoka 2018, la santuri sio la CD. MSIMTUMIE HELA. Ni mwizi. Naandika mikono inatetemeka kwa hasira na aibu, na nyie wa Leicester mnajua nimelitafuta tangu lini na ile hela ilikuwa ya nini, sirudii.

Tulikutana stesheni Coventry, mchana kweupe, watu wamejaa. Akaja kalifunga kwenye kanga, akaifungua taratibu kama anamfunua mtoto mchanga. Kava lenyewe kabisa, ile picha aliyopiga Linda Eastman, Jimi na wenzake wamekaa na watoto kwenye sanamu ya Alice wa hadithi ya Alice in Wonderland pale Central Park, New York. Akatoa kitabu, kurasa 48, akanionyesha maandishi ya mkono ya Jimi mwenyewe, akanisomea! Halafu akachomoa santuri ya kwanza, akaiinamisha kwenye mwanga nione haina mkwaruzo, nikaishika kingoni, nzito, safi. Nilipopeleka mkono kwenye ya pili akaniwahi, "kaka usizitoe hapa, mvua inakuja, utazifaidi nyumbani", akarudisha, akafunga kanga yake. Nikamtumia pauni 180 kwa simu palepale, kasimama pembeni anasubiri iingie, ilipoingia akanipa mkono akasema msalimie shemeji.

Na asije mtu kuniuliza kwa nini nilimwamini. Huyu alinieleza kwamba 1968 Jimi aliiomba ile picha ya watoto iwe kava, kampuni Marekani wakaweka nyingine, huku Uingereza wakaweka wanawake uchi, ndiyo maana toleo hili lina uzito wake, limetimiza alichotaka mwenyewe. Anajua Voodoo Chile, ile ndefu ya dakika 15, kinanda ni Steve Winwood na besi ni Jack Casady. Anajua fundi Bernie Grundman ndiye aliyeiandaa upya kwa santuri kutoka tepu za asili. Matapeli ninaowajua mimi wanajua bei tu, huyu anaongea kama mtu aliyekesha na muziki huu!

Zinatakiwa santuri sita, mbili albamu, mbili demo na majaribio ya studio, mbili shoo ya Hollywood Bowl ya Septemba 14, 1968. Ya kwanza halali, ndiyo aliyonishikisha. Tano zilizobaki ni chakavu za ajabu zimebandikwa lebo za kuprinti juu ya lebo zake, naweka sindano kwenye Hollywood Bowl inatoka kwaya ya Krismasi. Na diski ya Blu-ray yenye mix ya 5.1, ile sauti ya kukuzunguka, ya fundi sauti Eddie Kramer haipo, nafasi yake tupu. Nikapiga simu, kashaniblock. Benki wananiambia ulituma mwenyewe kwa hiari yako.

Afungwe huyu. Afungwe na arudishe kila senti ya kila mtu, na akitoka asiuze hata betri. Anatumia lugha yetu kuturoga, kaka, shemeji, kanga, kumbe ndiyo mtego. Polisi nimeripoti na namba ya kesi ninayo.

Dalili, kwa kifupi maana nimechoka: hataki utoe santuri zote, hataki malipo yenye ulinzi wa mnunuzi, ni benki tu. Lebo ipitishie kucha pembeni, inanyanyuka. Na zile namba zilizochongwa sehemu tupu karibu na lebo zisome kwenye kila santuri, zangu zile tano zilikuwa hazina uhusiano kabisa na albamu hii.

Jana katangaza tena, jina jingine, na picha aliyoweka ni ya boksi hilihili nililonalo mimi hapa ndani, naijua kwa kona iliyobonyea. Kama umeshamlipia njoo inbox LEO, tumuongezee kesi.