Mchezo mmoja au mingi: Sonja Henie na Laila Schou Nilsen

Kwa medali na kipato, Sonja Henie wa Norwei, aliyeshikilia mchezo mmoja wa kuteleza kwa madoido barafuni, hana mpinzani: dhahabu za Olimpiki za 1928, 1932 na 1936, kisha filamu za Hollywood. Mwenzake Laila Schou Nilsen alikuwa hodari wa mbio za barafuni, lakini mwaka 1936 Olimpiki haikuwa na mbio hizo kwa wanawake. Akiwa na miaka 16 akahamia kwenye kuteleza kwa skii thelujini, akashinda mbio za mteremko, akaambulia shaba kwa sababu medali ilitolewa kwa jumla ya mteremko na slalomu, yaani mbio za kupinda kati ya milingoti. Kwa kudumu, tenisi ilimpa mataji mengi ya taifa, na hapo namwona yeye mbele. Anayetafuta riziki michezoni amfuate Henie. Anayehofia kufungiwa mlango, Nilsen.