Rivyu: Mission Hospital ya Asheville chini ya HCA, na wananchi wanaoipigania

Kwa wale wa North Carolina mnaouliza kuhusu Mission Hospital pale Asheville, hasa nyie mnaohamia kule milimani ambako hamna hospitali nyingine kubwa karibu, naandika hii kwa urefu kidogo maana nyota peke yake hazitoshi. Ukisoma rivyu za watu utakuta mmoja kaweka nyota moja kwa hasira, mwingine kaweka tano kwa sababu mama yake aliokolewa, na mi naamini wote wawili wanasema kweli. Kwa hiyo nagawa. Manesi na madaktari, nyota tano. Menejimenti ya HCA, kampuni inayoimiliki, mbili. Na wale wananchi wanaoichunga hiyo hospitali wakiwa nje yake, hasa kundi la Reclaim Healthcare WNC, nawapa nne na nusu, na hao ndio nataka niwaongelee zaidi, kwa sababu huduma yao ni ya bure na watu wetu wengi hawajui kama ipo.

Nijitambulishe kidogo, mi nafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa jimbo hilihili lakini sio Mission na sio HCA, kwa hiyo sina kisa changu binafsi na wao, ninachosema hapa ni mambo yaliyo wazi kwenye kesi, ripoti za ukaguzi na kauli za wahusika wenyewe.

Sasa hii hospitali ilianzaje mpaka ikafika hapa. Ilianzishwa na akina mama wa Asheville mwaka 1885, kikundi cha wanawake waliokuwa wanapelekea wagonjwa maua na msaada, na kwa zaidi ya miaka mia moja ikawa ni mali ya shirika lisilotafuta faida, yani hela ikibaki inarudi kwenye hospitali. Mwaka 1995 jimbo likaruhusu Mission iungane na hospitali nyingine kubwa ya mji, St. Joseph's, lakini kwa masharti, kwamba serikali itakuwa inaangalia gharama na faida yao kwa sababu hapakuwa na mshindani tena. Sharti hilo likafutwa 2016. Halafu 2018 wakurugenzi wakatangaza wanaiuza kwa HCA Healthcare ya Nashville, kampuni kubwa kuliko zote Marekani katika biashara ya hospitali, na mwanzoni mwa 2019 mauzo yakakamilika kwa dola bilioni 1.5 hivi, hospitali kuu pamoja na tano ndogo za vijijini, kule Franklin, Highlands, Brevard, Marion na Spruce Pine. Angalia huo mfuatano jamani. Kwanza mshindani kaondolewa, halafu mlinzi kaondolewa, halafu soko zima likauzwa kwa kampuni moja, na mwananchi wa kawaida hakuulizwa popote.

Hela ya mauzo haikupotea, hilo niseme kwa haki, ilienda kuanzisha mfuko unaoitwa Dogwood Health Trust ambao unatoa misaada kaunti 18 za magharibi ya jimbo pamoja na eneo la Wacherokee, wenyeji wa asili wa kule. Na HCA nao wamejenga, hospitali mpya kule Franklin ilifunguliwa 2022, na ya magonjwa ya akili yenye vitanda 120 pale Asheville ikafuata 2023. Ukiingia utaona majengo mazuri na mashine za maana. Tatizo watu wanalolalamikia sio jengo, ni mikono. Nesi mmoja anapewa wagonjwa wangapi, nani anafagia, nani anamsukuma mgonjwa kwenda eksirei, nani anapokea simu. Mtu ambaye hajawahi kufanya shifti ya masaa 12 anaweza kudhani ni malalamiko ya uvivu, lakini mi najua sehemu moja nilipowahi kufanya, siku tukipungukiwa watu, mgonjwa anabonyeza kengele na wewe uko chumba kingine umemshika mwingine asianguke, huwezi kumwacha, unasikia ile kengele inalia tu.

Manesi wa Mission ndio walioanza kusimama. Septemba 2020, katikati ya Korona, walipiga kura kujiunga na chama cha National Nurses United, 965 wakasema ndio na 411 hapana, na North Carolina sio jimbo la mchezo kwa mambo ya vyama vya wafanyakazi, ni kati ya majimbo yenye wanachama wachache kabisa nchi nzima. Mwaka uliofuata wakapata mkataba wa kwanza. Wana fomu moja ambayo naipenda sana, nesi akipangiwa wagonjwa kuliko uwezo anaijaza kusema nafanya hii kazi lakini nimepinga kwa sababu sio salama, anaandika tarehe, wodi, na upungufu ulikuwa wapi. Karatasi moja haina nguvu, ila zikishakuwa rundo bosi hawezi tena kusema sikuambiwa.

Halafu Oktoba 2023 madaktari zaidi ya 50 wakatia sahihi barua ya wazi wakisema hali imeshuka tangu kampuni iingie. Dokta kusema hadharani sio kitu kidogo, wengi mikataba yao inawabana na huku milimani ukigombana na mwajiri mkubwa utahamia mji mwingine, maana mwajiri wa maana ni huyohuyo. Desemba mwaka huohuo Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Josh Stein (sasa ndio gavana), akaishtaki HCA akidai imevunja ahadi za mkataba kwenye emajensi na kwenye matibabu ya kansa, kwamba wataalamu wa kansa waliondoka mpaka mgonjwa wa kansa ya damu ya ghafla analazimika kupelekwa miji mingine. HCA wanakanusha, wanasema wametimiza mkataba, na Jeff Jackson aliyerithi kiti cha Stein akaendelea na kesi.

Hapa sasa ndio kuna kitu nataka mkielewe vizuri kwa sababu kinahusu hospitali yoyote inayouzwa, popote. Mkataba wa mauzo ulisema HCA haitafunga huduma fulani kwa miaka 10. Haukusema hizo huduma ziwe NZURI. Kuna mwangalizi huru analipwa kuangalia kama ahadi zinatimizwa, lakini naye anaangalia zile ahadi tu, kama emajensi iko wazi basi iko wazi, hata kama babu yako amekaa masaa mengi kwenye kiti. Na HCA kwenye utetezi wao mahakamani wameshikilia hapohapo, kwamba mkataba hauongelei ubora. Mi nilipoelewa hili nilikaa kimya kidogo. Wakurugenzi wasomi, mawakili wa kila upande, wanauza hospitali ya watu na hakuna aliyesisitiza kuandika kwamba mgonjwa ahudumiwe kwa viwango. Profesa mmoja wa chuo kikuu cha Wake Forest, Mark Hall, amefuatilia haya mauzo kwa miaka na kuandika tafiti zake, ukitaka undani mtafute.

Kwa hiyo wanaharakati walipoona mlango wa mkataba ni mwembamba wakapitia mwingine. Ukaguzi. Hospitali yoyote inayopokea hela ya Medicare, yani bima ya serikali kuu hasa kwa wazee, lazima itimize viwango vya serikali kuu, na wakaguzi wa jimbo wanakuja wakipata malalamiko yaliyoandikwa vizuri. Walikuja Mission mwishoni mwa 2023, na Februari 2024 serikali kuu ikaitangaza kwamba wagonjwa wako kwenye hatari ya papo hapo, hilo ndio onyo kali kuliko yote kabla ya kukatiwa hela, na ripoti ilieleza visa vya wagonjwa waliocheleweshewa huduma emajensi, wengine walifariki. Hospitali ikapewa siku chache iandike mpango wa marekebisho, ikabadilisha jinsi wagonjwa wanavyopokelewa, na mwezi huohuo ile hatari ikaondolewa. Miaka minne ya watu kulia kwenye mikutano haikufanya kilichofanywa na huo ukaguzi mmoja. Lakini huo ukaguzi usingekuja bila wale waliokaa wakaandika.

Mwaka huo wa 2024 ndio likatokea kundi la Reclaim Healthcare WNC, humo kuna madaktari, manesi, wachungaji, viongozi wa kuchaguliwa kama seneta wa jimbo Julie Mayfield, na wananchi wa kawaida. Lengo lao kubwa ni HCA iondoke na hospitali irudi kwa shirika lisilotafuta faida, na wakati hilo likisubiri wanabana huduma iboreke. Kilichonivutia ni kwamba hawashambulii wafanyakazi hata kidogo, kila wanachotoa wanatenganisha anayekuhudumia na anayepanga idadi. Na wanajua kazi ya kila ofisi, hili lipelekwe kwa mwangalizi, hili kwa wakaguzi wa jimbo, hili kwa Mwanasheria Mkuu. Watu wetu tukikasirika tunaandika Facebook, tunamaliza hasira, na pale hospitali hakuna anayesoma.

Kwa nini nimewakata nusu nyota? Hilo lengo la kuirudisha hospitali liko mbali sana kwa ninavyoona mimi. HCA mwaka 2024 iliingiza dola bilioni 70 na faida ya zaidi ya bilioni 5, kampuni ya namna hiyo haiuzi hospitali ya mji mzima kwa sababu imeandikiwa barua, na ikikubali kuuza bei itakuwa ipi na nani anayo. Ningependa waweke nguvu zaidi kwenye ushindani. Jimbo hili huwezi kujenga hospitali wala kuongeza vitanda bila kibali cha serikali, AdventHealth, kampuni nyingine ya hospitali, walipewa kibali 2022 cha kujenga hospitali ya vitanda 67 hukohuko Buncombe, kaunti ya Asheville, Mission ikakata rufaa, na miaka ikaenda kwenye mahakama. Hilo limeniuma kuliko mengine yote. Kama unasema unahudumia vizuri mwache na mwenzako ajenge, watu wachague.

Nisisahau kimbunga Helene, Septemba 2024. Mji mzima ulikosa maji, maji safi ya bomba yalirudi katikati ya Novemba, barabara zimekatika, na Mission haikufunga. Kampuni ilileta malori ya maji na kuchimba visima, hapo nawapongeza bila kinyongo. Na wafanyakazi waliobaki zamu hadi zamu wakati nyumba zao wenyewe hawajui zimebaki au zimeondoka na mto, wakimwaga maji chooni kwa ndoo, hao nimeshawapa nyota tano na ingekuwepo ya sita ningewapa. Mwaka huohuo manesi wakapata mkataba wa pili na menejimenti. Watu hao wangefanyaje kazi kama wangekuwa na wenzao wa kutosha kila siku!

Swali mlilouliza wengi ni kama muende au msiende. Ukiwa na kiharusi, moyo, ajali, mtoto hapumui vizuri, piga 911 na nenda, usianze kusoma rivyu, ndio hospitali kubwa ya milima yote ile. Sheria ya serikali kuu ya 1986 inasema emajensi lazima ikupime na kukutuliza hata kama huna bima wala hela, mambo ya bili ni baadaye, na bili ikija omba fomu ya msamaha wa gharama kabla hujalipa hata senti. Kwa kitu cha kupanga, kama opareshini ambayo sio ya haraka au kansa, uliza kwanza mtaalamu yupo na utamwona baada ya muda gani, halafu linganisha.

Omba mkalimani wa Kiswahili, ni haki yako na hulipi, usikubali mtoto wako wa miaka kumi akutafsirie habari za uvimbe. Nenda na ndugu anayeweza kukaa. Awe na daftari, aandike saa mliyofika, saa nesi alipowaona mara ya kwanza, saa dawa iliyoahidiwa ilipokuja. Mkihudumiwa vizuri mtajeni huyo nesi kwa jina kwa wakubwa zake. Mkicheleweshwa mpaka mgonjwa akaumia, hilo daftari lipigeni picha na malalamiko yapeleke kwenye idara ya jimbo inayokagua hospitali na nakala ofisi ya Mwanasheria Mkuu, Kiingereza cha kuunga kinatosha, muhimu ni tarehe na saa. Aliyekwama kuandika anitumie meseji, nitakaa naye tuijaze.