Kozi ya mpangilio wa kompyuta na lugha ya asembli: ichukue, ila ujue inapopungua

Niliingia kwenye kozi hii nikiwa tayari fundi. Nimefungua kompyuta nyingi, nimebadilisha RAM na kuzifufua mashine ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Nilichokitaka darasani kilikuwa kimoja: kujua ndani ya kile kichakataji kidogo kinafanyika nini umeme ukishaingia. Hilo nimelipata. Yapo pia yaliyoniudhi, na nitayasema.

Sisi tumefundishwa kwa MIPS, aina mojawapo ya kichakataji, tukitumia MARS, programu ya bure ya kuiga kichakataji iliyotengenezwa na watu wa Missouri State University kwa ajili ya wanafunzi. Unaandika maagizo yako kwa asembli, lugha inayokaribia kabisa ile ya kichakataji chenyewe, unayaendesha moja moja, na upande wa kulia unaziona rejista zote 32, yaani visanduku vidogo vya kuwekea namba ndani ya kichakataji. Iliyobadilika inawekwa rangi. Kwa mtu aliyezoea kupima waya kwa mita, raha yake haielezeki. Kuna wenzangu walionung'unika kwamba MIPS imepitwa na wakati, na ni kweli kampuni ya MIPS yenyewe ilitangaza mwaka 2021 kwamba inahamia RISC-V, muundo mwingine wa vichakataji. Mimi sioni hasara. PlayStation ya kwanza, ile ya 1994, ilikuwa na kichakataji cha MIPS, na kila agizo lake lina biti 32 (biti ni 0 au 1), halizidi wala halipungui. Kwenye x86, vichakataji vya kompyuta nyingi za kawaida, agizo moja laweza kuwa na baiti 1 (biti 8) na jingine 15. Anayeanza apewe kilichonyooka kwanza.

Sehemu ya namba ndiyo inayofungua muhula: mfumo wa jozi (wa 0 na 1 tu), heksadesimali (wa tarakimu 16), jinsi namba hasi zinavyohifadhiwa. Ni lazima, lakini inaburutwa mno. Afadhali pale kwenye namba zenye desimali, ambapo unajionea kwamba 0.1 haiwezi kuandikwa kamili katika mfumo wa jozi, hivyo 0.1 ukijumlisha na 0.2 kompyuta inakataa kwamba ni sawa na 0.3. Mhadhiri wetu aliunganisha na roketi ya Ariane 5, iliyoharibika muda mfupi baada ya kuruka mwaka 1996 kwa sababu namba ya biti 64 ililazimishwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16. Darasa lililokuwa linasinzia likaamka.

Utamu wenyewe uko kwenye funksheni, vipande vya programu vinavyoitwa vifanye kazi fulani, na staki, sehemu ya kumbukumbu ambako vitu vinapangwa kimoja juu ya kingine. Agizo la jal linarukia funksheni na kuacha anwani ya kurudia kwenye rejista ya $ra. Rejista hiyo ni moja tu. Sasa tukapewa zoezi la faktoria (kuzidisha namba zote kuanzia 1 hadi namba uliyopewa) kwa funksheni inayojiita yenyewe: kila ikijiita, anwani mpya inaifuta ya zamani. Usipoiweka ya zamani kwenye staki kabla ya kujiita, funksheni inarudi ndani yake yenyewe, inazunguka hapo hapo, na programu haimaliziki mpaka uisimamishe kwa mkono. Katika lugha kama Python unaandika mistari minne unaendelea na maisha yako. Hapa unalazimika kujua kila kitu kimewekwa wapi na nani atakitoa. Na kuna adabu zake: rejista za $s ni kama vyombo vya kuazima, unavirudisha ulivyovikuta; za $t kila mtu anazivuruga, na ukimwita mwingine usitegemee kukuta ulichoacha.

Zoezi hilo hilo lilikuwa na mtego mwishoni. Faktoria ya 12 inatoka vizuri, 479001600. Ya 13 ni 6227020800, haiingii kwenye biti 32, lakini programu inakutolea 1932053504 bila kulalamika hata kidogo. Hakuna onyo wala kosa. Ukiwa fundi umezoea kwamba kitu kikiharibika kinanuka au kinapiga kelele. Huku kinakudanganya kwa utulivu, na ni wewe unayetakiwa kujua kikomo kiko wapi.

Mhadhiri darasani anakwenda kasi mno, na slaidi zake zimejaa. Maabara ndiko anakofaa: ukimwita akusaidie, kabla hajagusa kibodi anakuuliza, "$sp inaelekeza wapi sasa hivi?" Hiyo ni rejista inayoonyesha juu ya staki ni wapi. Mara nyingi ukishalijibu hilo, tatizo umeshaliona mwenyewe.

Yanayoniudhi sasa. Mtihani unakupa agizo kama add $t0, $s1, $s2 na kukutaka uliandike kwa biti, mpaka ufike 0x02324020. Kulifanya mara mbili tatu kunafungua macho, kwa sababu unaona kila rejista imepewa biti 5. Kulitolea swali zima lenye alama nyingi ni kupoteza muda. Asembla, programu inayogeuza asembli kuwa biti, inafanya kazi hiyo haichoki. Wakati huo huo paipulaini (kushughulikia maagizo kadhaa kwa pamoja, kila moja likiwa hatua yake) na kache (kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo karibu na kichakataji) zinasukumwa mwisho wa muhula, wakati watu wameshaanza kuhesabu siku za kufunga chuo. Paipulaini tulichora hatua zake tano, tukaambiwa agizo la kupakia likifuatwa papo hapo na agizo linalokitaka kilichopakiwa lazima mzunguko mmoja wa saa ya kichakataji upotee, basi. Kache ikapata mihadhara michache na hakuna zoezi la maabara hata moja. Hapo ndipo ninapowalaumu hasa. Mstari wa kache, yaani fungu linaloletwa kwa mkupuo mmoja, ukiwa wa baiti 64 unabeba namba 16 za baiti 4. Ukipita jedwali kubwa kwa kwenda pembeni, jinsi linavyolala kwenye kumbukumbu, unazitumia zote, ukilipita kwa kwenda chini unaweza kutumia moja na kuzitupa 15. Programu ile ile, matokeo yale yale, kasi tofauti kabisa. Hilo lingetosha kuwa zoezi bora la muhula mzima, na MARS ina kifaa cha kuiga kache kilichokaa tu bila kuguswa.

Ukitaka kuichukua, ichukue kabla ya kozi ya mifumo ya uendeshaji, si pamoja nayo. Na lugha ya C itangulie. Walioteseka zaidi kwenye lw na sw, maagizo ya kupakia kutoka kwenye kumbukumbu na kuhifadhi humo, ni wale waliokuja bila kujua pointa (namba inayobeba anwani ya kitu kwenye kumbukumbu), maana anwani na kilichomo kwenye anwani hiyo ni vitu viwili, na kwenye asembli hakuna anayekutenganishia.